Muuzaji asipojua bei, mnunuzi anyamaze?

KATIKA mambo ya biashara tumezoea kumwonya muuzaji. Khatibu akipanda mimbari siku ya Ijumaa kuzungumzia mizani, atamtaja mwenye duka anayepunja kilo, muuza maziwa anayetia maji, na dalali anayeapa kwa jina la Allah (s.w.) ili bidhaa yake iondoke. Ni mara chache sana kusikia mnunuzi naye akionywa. Mnunuzi tumemzoea kuwa ndiye anayedhulumiwa. Leo, ndugu msomaji, naomba tumtazame mnunuzi, na nitaanza na nafsi yangu, kwa sababu mnunuzi ninayetaka kumshitaki hapa ni mimi mwenyewe.

Mwaka juzi nilikwenda Tanga kuhudhuria harusi. Baada ya walima, mwenyeji wangu alinipitisha nyumba ya jirani yake pale Ngamiani kutoa pole, kwani mwenye nyumba alikuwa amefariki miezi saba nyuma na mimi sikuwahi kufika msibani. Uani, chini ya mwembe, palikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai lililochanika. Kuku walikuwa wametagia chini yake. Nilichokiona ni ncha ya boneti tu, ndefu kama mdomo wa chuchunge, lakini nilijua ni nini.

Lilikuwa Datsun 240Z. Vijana wa leo huenda hawalijui. Ni gari la milango miwili na viti viwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, lililoanza kutengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969. Sisi watu wazima wa Afrika Mashariki tulilijua kwa vumbi la Safari Rally. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la aina hii liliyashinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Watoto wa rika letu tulilichora ukutani kwa mkaa na tukachapwa kwa ajili hiyo.

Sasa bingwa yule alikuwa amelala juu ya matofali. Nilimkumbuka Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.), ambaye hakuwa akishindwa mbio, mpaka siku moja akaja bedui na ngamia wake mdogo akampita. Masahaba wakaumia, na Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa ni haki ya Allah kwamba hakipandi kitu katika dunia hii ila hukiteremsha. Hadithi hiyo ameipokea Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.). Laiti ningeishia kwenye mazingatio hayo. Badala yake nilivua kanzu, nikakunja mikono ya shati, nikaingia chini ya gari.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi magari pale Gerezani, Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa. Kwa hiyo nilijua pa kutazama. Magari haya huliwa na kutu sakafuni, chini ya betri, kwenye mihimili iliyo chini ya miguu ya abiria, na kwenye matao ya matairi ya nyuma, na hewa ya chumvi ya Tanga huwa haina huruma. Niliazima sumaku ndogo nikaipitisha kwenye bodi. Panapokuwa na bati, sumaku hushika. Palipojazwa puti na kupakwa rangi juu, sumaku huanguka. Ilianguka mara nyingi. Injini ilikuwa imeganda, breki zimekamata, na petroli ya zamani ilikuwa imegeuka ulimbo ndani ya tangi. Lakini namba ya injini na ya bodi zilikuwa zilezile zilizoandikwa kwenye kadi, vioo vyote vilikuwepo, na hakuna aliyewahi kung'oa kitu. Gari la namna hiyo halipatikani ovyo.

Mtoto mkubwa wa marehemu, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, alikuwa amesimama pembeni.

"Mzee, wale wa chuma chakavu walitaka kulibeba kwa laki saba," akaniambia. "Wewe toa milioni mbili ulichukue."

Nikampangusia kutu kwenye kiganja nikamwonyesha. "Mwanangu, tazama mwenyewe. Sakafu imeoza, injini imeganda. Hiki ni chuma chakavu. Nakupa milioni moja na nusu, na hiyo ni kwa sababu ya marehemu tu."

Akakubali. Nikampa laki tatu za kishika bei, tukapeana mikono, nikaondoka na risiti aliyoiandika kwenye karatasi ya daftari.

Naomba msomaji ayapime maneno yangu. Sakafu ilikuwa imeoza kweli. Injini ilikuwa imeganda kweli. Kila ubovu nilioutaja ulikuwepo. Lakini hicho hakikuwa chuma chakavu, na sikuwa nimetoa senti moja kwa sababu ya marehemu. Nilikuwa nikijua kuwa Januari 2020 gari la aina hiyo la mwaka 1971, lililotunzwa vizuri mno, lilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. La Ngamiani halikuwa hilo, tena kwa mbali sana. Ila kwa hesabu ya fundi, hata katika ubovu wake, na hata ukitoa gharama zote za kulisafirisha, halikuwa chini ya milioni nne. Kijana hakulijua hilo. Nilijua kuwa hajui, na bei yangu niliijenga juu ya kutojua kwake.

Basi lilipofika Segera nilikuwa bado na furaha. Tulipofika Chalinze furaha ilikuwa imepungua, na sikujua kwa nini. Nilipomsimulia mzee mmoja wa msikiti wetu pale Ilala, baada ya sala ya Isha, hakunipa fatwa. Aliuliza swali moja tu: "Kama yule kijana angejua unachokijua wewe, angekuuzia kwa bei ile?"

Nilijitetea, na utetezi wangu hauna budi kusikilizwa kwa sababu ndio utetezi wa wafanyabiashara wengi. Nilisema, elimu yangu ni mtaji wangu. Miaka niliyoshika taa chini ya magari, mikono niliyoungua, nani alinilipa? Daktari hulipwa kwa anachokijua, na wakili vilevile. Kama kila mwenye kujua atalazimika kumfundisha asiyejua kabla ya kununua, biashara itakufa. Tena kijana ni mtu mzima mwenye akili timamu, angeweza kuuliza. Na kweli, wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu mtu aliyeuza kwa bei ya chini mno bila kudanganywa. Wako wanaoona kuwa tofauti ya bei peke yake haivunji mauzo, na wako waliompa aliyepunjwa haki ya kuyarudisha pindi tofauti inapokuwa kubwa, na baadhi yao wakataja theluthi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo sikuweza kuyakwepa. La kwanza ni katazo la Mtume (s.a.w.) la kuwatangulia wenye misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Na katika mapokezi ya Muslim, muuzaji aliyenunuliwa hivyo ana khiyari atakapofika sokoni. Tujiulize, mkosaji hapo kafanya nini? Hakupunja mizani wala hakuleta fedha bandia. Kosa lake ni kwamba yeye anaijua bei ya soko na mwenzake bado hajaifikia. Mimi sikwenda nje ya mji kupokea ngamia, ila nilimkuta mtu aliye nje ya soko akiwa amesimama uani kwao.

La pili ni kisa cha Jariri bin Abdillahi (r.a.), kilichopokewa na Tabarani. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu mia tatu, akamleta pamoja na mwenyewe ili alipwe. Jariri alipomtazama farasi akamwambia muuzaji kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, je, atamuuza kwa mia nne? Akaendelea kumpandishia mwenyewe, mia kwa mia, mpaka akamnunua kwa mia nane. Alipoulizwa, alieleza kuwa alikwishampa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Fikiria ndugu yangu: mnunuzi anapandisha bei dhidi ya mfuko wake mwenyewe! Sisi tukimwona mtu wa namna hiyo Kariakoo leo tutamtafutia daktari.

Mtu anaweza kusema, huyo ni Swahaba, hiyo ni daraja ya ihsani, nayo si wajibu. Nakubali kuwa si kila kinachopendeza ni wajibu. Ila nilipolifikiri jambo langu zaidi niliona kuwa ujuzi niliokuwa nao ulikuwa wa aina mbili, na nilikuwa nikizichanganya kwa makusudi. Upo ujuzi wa kufanya: kulegeza injini iliyoganda kwa kumimina mafuta katika matundu ya plagi, kungoja siku kadhaa na kuizungusha taratibu kwa mkono, kukata bati lililooza na kuchomelea jipya. Huo ni wangu, na faida itokayo humo ni jasho langu. Lakini upo ujuzi wa kujua kitu chenyewe ni nini. Huo si jasho. Thamani ile ilikuwa ya lile gari, na gari lilikuwa lao.

Katika Suratun-Nisaa Allah (s.w.) amehalalisha biashara iliyo kwa kuridhiana. Je, kijana yule aliridhia nini? Aliridhia kuuza chuma chakavu. Mimi nilinunua Datsun 240Z. Mikono yetu ilikutana, lakini kila mmoja alikuwa na kitu kingine kichwani, na aliyejua hivyo ni mmoja tu. Na ile hadithi mashuhuri ya Hakim bin Hizam (r.a.), inayosema baraka ya mauzo huondoka kwa kuficha na kusema uongo, inawataja wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Tumekuwa tukiisoma nusu.

Wiki iliyofuata nilirudi Tanga. Nilimkuta mama mjane ambaye alikwishamaliza eda, yule kijana, na dada yake ambaye ni mwalimu wa sekondari. Niliwaeleza yote: ni gari gani, lina thamani gani, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Mama alimshukuru Allah. Kijana aliangalia chini. Yule binti ndiye aliyeniuliza: "Mzee, kwa nini hukutuambia siku ile?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo, katika safari hii yote, hakuna kilichoniuma kama swali lile lililoulizwa kwa adabu.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Kadi ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na msimamizi wa mirathi alikuwa hajateuliwa. Kijana alikuwa akiuza kisichokuwa chake peke yake. Warithi walikuwa saba: mama, watoto wawili wa kiume na wa kike wanne? Nilidhani hivyo, nilipohesabu vizuri walikuwa sita, mama, wavulana wawili na wasichana watatu, na kitinda mimba wao alikuwa darasa la tano. Yatima. Ndugu zangu, sote tunazijua aya zilizoteremka kuhusu mali ya yatima na moto ulioahidiwa wanaoila kwa dhulma. Mimi nilikuwa nimezisikia mara ngapi, na bado nilisimama uani kwao na sumaku mkononi!

Tufanye hesabu. Marehemu hakuacha deni wala wasia. Mke mwenye watoto hupata thumni, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Wavulana wawili na wasichana watatu ni mafungu saba. Kwa hiyo mali nzima ni mafungu manane yaliyo sawa: moja la mama, mawili mawili ya wavulana, moja moja ya wasichana. Kwa milioni moja na nusu, yule mtoto wa darasa la tano angepata shilingi 187,500. Kwa milioni nne anapata 500,000. Tofauti ni shilingi 312,500. Hiyo ndiyo niliyokuwa nimeitia mfukoni mwangu kutoka kwa mtoto huyo mmoja, huku nikisema ni kwa sababu ya marehemu.

Familia ilikwenda Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akateuliwa, na wakapewa nafasi ya kuuliza bei kokote. Alikuja mtu kutoka Mombasa akatoa milioni tatu na nusu. Mimi nikatoa nne. Tuliandikiana mbele ya mashahidi na kila fungu likaandikwa jina la mwenyewe.

Utasema, basi kisa kimekwisha vizuri. Hapana. Kuna mama watoto wangu. Nilipomwambia, aliuliza: "Baba, hizo milioni nne si zingepaua ile nyumba ya Mbagala?" Hilo nalo ni swali la haki, kwani aliye nyumbani ana haki kabla ya kilicho gereji. Na bei ya kununua ni mlango tu. Nyuma yake kuna bati, rangi, mipira, breki, kabureta mbili na spea za kuagiza ng'ambo. Je, hii si israfu?

Nimejibu hivi, na sidai kuwa nimejibu vizuri. Kupenda kitu kizuri cha kupanda si dhambi. Katika Suratun-Nahl farasi, nyumbu na punda wametajwa kuwa ni kipando na pia ni pambo. Lakini Mtume (s.a.w.) alieleza pia kuwa farasi ni wa namna tatu: kwa mmoja ni ujira, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi, naye ni yule aliyemfuga kwa fahari na kujionyesha. Farasi ni yuleyule, tofauti iko kwa anayemfuga. Kwa hiyo tulikubaliana nyumbani kwamba paa la Mbagala litatangulia, na gari litapata kitakachobaki. Hakuna mkopo wa riba utakaoingia humo hata bati likizidi kuliwa. Na nilitakiwa kuamua nia yangu waziwazi, kwani hata hukumu yake hubadilika: kipando chako mwenyewe hakina zaka, lakini ukilinunua gari kwa nia ya kuliuza kwa faida, hiyo ni mali ya biashara, na thamani yake huingia katika hesabu ya asilimia mbili na nusu kila mwaka. Mtu asiseme "langu la kupanda" siku ya zaka na "langu la kuuza" siku anapopata mteja.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo katika daftari la fedha. Katika Surat Swad tunasomewa habari za Nabii Suleiman (a.s.) alipoonyeshwa farasi wazuri wakati wa jioni mpaka mapenzi yao yakamshughulisha na ukumbusho wa Mola wake. Wafasiri wamekhitalifiana kuhusu alichowafanyia farasi wale baadaye, wengine wakisema aliwachinja, wengine wakisema aliwapapasa. Lakini kama Nabii alihofia jioni moja, fundi wa Jumamosi aogope nini? Nimekwisha kujikuta chini ya gari nikifungua skrubu moja iliyoganda, adhana ya Alasiri imepita, nami nikajiambia "nimalizie hii tu."

Mwisho ni huyu atakayekuja baada yangu. Iko siku mimi au warithi wangu tutaliuza. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa, naye akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akatahadharisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Puti iliyopakwa juu ya kutu ni rundo lile lile, juu kavu na chini maji. Fundi wa bodi aliniambia kuwa sehemu fulani hazina haja ya kukatwa, "tunaziba tu mzee, nani atajua?" Nilimwomba akate. Na kila kiraka tunachoweka nakipiga picha na kukiandika katika daftari, ili atakayelinunua ajue alichonunua.

Gari bado liko juu ya matofali. Injini ilizunguka kwa mkono siku ya tisa. Vijana wawili wa mtaani kwetu wanajifunza kuchomelea kwenye sakafu yake, na wameanza kupata vibarua vingine kwa kazi hiyo. Sijui kama nitaliendesha. Lakini ile sumaku niliyoiazima Ngamiani niliondoka nayo bila kukumbuka, na niliporudi kuikabidhi, yule kijana alinambia niiache kwangu, nitaihitaji.

Kwa ndugu zangu mnaonunua viwanja kutoka kwa wajane, vyombo vya kale kutoka kwa wazee wa Unguja, na mashamba kutoka kwa wanakijiji ambao hawajasikia kuwa barabara inakuja, sina fatwa ya kuwapa. Ninalo lile swali la mzee wa Ilala. Muulize kabla ya kutoa kishika bei: angejua ninachokijua, angeniuzia?

Wallahu a'lam.